Mfumuko wa bei, mporomoko wa bei au uchumi kudumaa: jinsi ya kusoma mwelekeo wewe mwenyewe

Julai 2008 pipa moja la mafuta ghafi liligusa dola 147. Nchini Marekani bei za walaji zilikuwa zimepanda kwa asilimia 5.6 ndani ya miezi kumi na miwili, na mwezi huohuo Benki Kuu ya Ulaya ikapandisha riba yake hadi asilimia 4.25 kwa kuhofia mfumuko wa bei. Aliyefuatilia habari wiki zile angeapa kwamba bei zitazidi kupaa. Kufikia Desemba pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 40, na Julai 2009 bei za walaji Marekani zilikuwa chini kwa asilimia 2.1 zikilinganishwa na mwaka uliotangulia.

Waliokosea hawakuwa wajinga. Walitazama bei, na bei hueleza yaliyokwisha kutokea. Siku pipa linagusa 147, mikopo ya nyumba ilikuwa imeanza kuharibika zaidi ya mwaka mmoja nyuma, benki zilikuwa zinabana mikopo mipya, na ajira zilikuwa zinapungua tangu mwanzoni mwa 2008. Mawingu yalikuwepo, ila macho ya wengi yalikuwa kwenye mafuta.

Msimamo wangu nautanguliza ili ujue ninakokupeleka: bei zikipanda ghafla, kinachoamua kama kupanda huko kutakuwa mfumuko wa kudumu au kutageuka kuwa mdororo (uchumi kusinyaa) ni mikopo na mishahara. Vingine vyote katika mwongozo huu vinasaidia kusoma hivyo viwili. Utahitaji daftari, takwimu zinazotolewa bure na ofisi ya takwimu na benki kuu ya nchi yako, na saa moja au mbili kila mwezi. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu.

Hatua ya 1: Gawanya swali mara mbili

Watu huuliza "uchumi unaelekea kwenye mfumuko, mporomoko au kudumaa?" kana kwamba ni njia panda ya barabara tatu. Kwa kweli kuna maswali mawili ndani yake. La kwanza: kiwango cha jumla cha bei kinaelekea wapi? La pili: uzalishaji unaelekea wapi? Jibu la moja halikupi jibu la jingine.

Mfumuko wa bei ni kupanda kwa bei kwa jumla na kwa kuendelea. Bidhaa moja ikipanda, hata iwe muhimu kiasi gani, huo bado si mfumuko. Mporomoko wa bei, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kinyume chake: bei kwa jumla zinashuka mwezi baada ya mwezi. Uchumi kudumaa ni uzalishaji kusimama au kukua kidogo mno, kiasi kwamba kipato cha mtu mmoja mmoja hakisogei kwa miaka.

Kudumaa kunaweza kuandamana na bei zinazopanda. Mwaka 1974 bei Marekani zilipanda kwa takriban asilimia 11, na Mei 1975 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 9. Kunaweza pia kuandamana na bei zilizolala au zinazoshuka, kama Japani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Na kuna hali ambayo wengi huisahau: bei kushuka huku uzalishaji ukikua vizuri, kama ilivyokuwa Marekani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wakati reli na mashine zilipopunguza gharama za kuzalisha. Kwa hiyo kushuka kwa bei peke yake si msiba. Msiba ni bei kushuka kwa sababu watu hawana fedha ya kununua.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari chora mistari miwili inayokatana. Mmoja ni wa bei, kushuka upande wa kushoto na kupanda upande wa kulia. Mwingine ni wa uzalishaji, kusinyaa chini na kukua juu. Kila mwezi utaweka nukta moja mahali unapodhani uchumi upo, na baada ya miezi sita utaona unakotembea.

Hatua ya 2: Soma takwimu za bei bila kudanganyika

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Takwimu inayotangazwa kila mwezi hutokana na fahirisi ya bei za walaji, yaani gharama ya kapu la bidhaa na huduma ambazo kaya ya kawaida hununua. Chukua fahirisi iliyokuwa 100, mwaka uliofuata ikawa 110, na mwaka wa tatu 112. Mfumuko wa mwaka wa pili ni asilimia 10, na wa mwaka wa tatu ni asilimia 1.8. Serikali itatangaza kwamba mfumuko umedhibitiwa, na itakuwa inasema kweli. Mwananchi atasema maisha bado ni ghali, naye atakuwa anasema kweli, maana bado analipa 112 kwa kapu alilolinunua kwa 100. Mfumuko unaopungua ni gari linalopunguza mwendo: bado linakwenda mbele. Mporomoko ungekuwa gari linalorudi nyuma, fahirisi ikitoka 112 kwenda 109. Usichanganye hivi viwili kwenye daftari lako.

Tatizo la pili ni kwamba takwimu ya mwaka mzima imebeba historia nyingi. Tuseme mwezi kama huu mwaka jana fahirisi ilikuwa 104.0, miezi mitatu iliyopita ilikuwa 110.7, na sasa ni 111.3. Ukilinganisha na mwaka jana unapata asilimia 7, namba ya kutisha. Lakini ndani ya miezi mitatu ya mwisho bei zimepanda kwa asilimia 0.54 tu. Zidisha mara nne upate mwendo wa mwaka: asilimia 2 na kidogo. Joto limekwisha, ila kipimajoto kinachotangazwa bado kinasoma homa ya miezi minane iliyopita. Hesabu zote mbili, ya mwaka na ya miezi mitatu, uziandike pembeni kwa pembeni. Ya miezi mitatu ikiwa chini sana kuliko ya mwaka, mfumuko unapoa, na ikiwa juu zaidi, unachochewa. Ofisi ya takwimu ikitoa fahirisi iliyoondolewa athari za misimu, tumia hiyo kwa hesabu ya miezi mitatu, la sivyo msimu wa mavuno au wa sikukuu utakupotosha.

Tatu, tazama mfumuko wa msingi, usiojumuisha chakula na nishati. Wengi hukereka na takwimu hii: nani anaishi bila kula? Lakini haipimi ugumu wa maisha. Inapima kama moto umetoka jikoni na kuingia vyumba vingine. Marekani mfumuko wa jumla ulifika kilele cha asilimia 9.1 Juni 2022, kisha bei za nishati zikaanza kushuka. Mfumuko wa msingi ukaendelea kupanda hadi Septemba, ukafika asilimia 6.6. Aliyeangalia wa jumla pekee alidhani kazi imekwisha mwezi wa saba.

Nne, fungua jedwali la makundi ya bidhaa na uhesabu ni mangapi yanapanda kwa zaidi ya asilimia 4. Yakiwa mawili au matatu, shida iko mahali fulani. Yakiwa mengi kuliko nusu, shida imekuwa ya fedha yenyewe.

Tano, tazama bei za wazalishaji, zile za kiwandani. Mara nyingi hutangulia. China mfumuko wa bei za wazalishaji uliingia chini ya sifuri Oktoba 2022, yaani bei zilianza kuwa chini kuliko mwaka uliotangulia, na Julai 2023 ule wa bei za walaji nao ukateremka chini ya sifuri.

Hatua ya 3: Uliza bei zimepandishwa na nini

Kipimo changu ni rahisi: tazama bei pamoja na kiasi kinachouzwa. Bei zikipanda na kiasi kinachouzwa nacho kikipanda, wanunuzi wana fedha nyingi, na chanzo ni mahitaji. Bei zikipanda huku kiasi kikishuka, bidhaa zimepungua, na chanzo ni ugavi.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu mshtuko wa ugavi hufanya kazi kama kodi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliweka vikwazo, na ndani ya miezi michache bei ya pipa ikapanda karibu mara nne, kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Kaya na viwanda vikalazimika kulipa zaidi kwa mafuta, kikabaki kidogo kwa vingine vyote. Kwa nguvu zake mwenyewe mshtuko wa namna hiyo hupandisha bei mara moja, kisha hudumaza uchumi. Ili ugeuke kuwa mfumuko wa miaka kumi, lazima upate wabebaji, na wabebaji hao ni mikopo na mishahara.

Linganisha 1973 na 2008. Mafuta yalipanda sana nyakati zote mbili. Mara ya kwanza vyama vya wafanyakazi vilidai na kupata nyongeza za kufidia bei, na mikopo ikaendelea kutiririka. Mara ya pili benki zilikuwa zimejeruhiwa na wafanyakazi hawakuwa na nguvu ya kudai, na mshtuko ukafa ndani ya mwaka.

Hatua ya 4: Fuata mikopo

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote, na ukiwa na muda wa hatua moja tu, iwe hii.

Fedha nyingi tunazotumia haziumbwi na mtambo wa kuchapa noti. Huzaliwa benki inapotoa mkopo: inaandika salio kwenye akaunti ya mkopaji, na salio hilo linaanza kununua vitu. Mkopo ukilipwa, fedha hiyo inatoweka. Ndiyo maana uchumi ambao watu wanakimbilia kukopa una fedha nyingi inayokimbiza bidhaa, na uchumi ambao kila mtu analipa madeni bila kukopa upya una fedha inayokauka.

Mfano mkali zaidi wa kukauka ni Marekani kati ya 1929 na 1933. Maelfu ya benki zilifungwa, kiasi cha fedha kwenye mzunguko kikapungua kwa karibu theluthi moja, bei zikashuka kwa takriban robo, na mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Mchumi Irving Fisher alieleza mwaka huo jinsi mtego unavyofunga. Watu wanauza mali ili walipe madeni, mauzo hayo yanashusha bei, na bei zikishuka thamani halisi ya deni lililobaki inazidi. Kadiri wanavyolipa ndivyo wanavyozidi kudaiwa.

Mfano wa upande wa pili ni Ujerumani 1923. Serikali iliyoshindwa kukusanya kodi ya kutosha ililipa matumizi yake kwa fedha mpya kutoka benki kuu, yakiwemo malipo ya wafanyakazi waliogoma kwenye bonde la Ruhr baada ya majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji kuliteka. Kufikia Novemba dola moja ilikuwa na thamani ya marki trilioni 4.2.

Lakini kuwa mwangalifu na neno "wanachapa fedha". Kuanzia 2008 mizania (hesabu ya mali na madeni) ya Benki Kuu ya Marekani ilivimba kutoka chini ya dola trilioni 1 hadi karibu trilioni 4.5 mwishoni mwa 2014, na wengi wenye elimu walitabiri mfumuko mkubwa. Haukuja. Benki kuu ilinunua hati fungani (hati za deni zinazolipa riba), fedha ikaingia kwenye akiba za benki za biashara, nazo hazikuikopesha kwa kasi ya kutosha kuwasha bei. Mwaka 2020 mambo yalikuwa tofauti. Serikali ilipeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za watu na biashara, kiasi cha fedha kwenye mzunguko kikakua kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mwaka, huku viwanda na meli vikiwa vimekwama. Safari hiyo mfumuko ulikuja. Kwa hiyo usiishie kuuliza "wamechapa?" Uliza "imemfikia nani, na huyo ataitumia?"

Kutoka taarifa za benki kuu yako andika mambo manne:

- Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi kwa mwaka, ukiondoa mfumuko wa bei. Mikopo ikikua kwa asilimia 15 na mfumuko ukiwa 5, kuna kama asilimia 10 za msukumo halisi. Ikikua kwa 4 na mfumuko ukiwa 6, mikopo inasinyaa hata kama namba inaonekana chanya.
- Ukuaji wa ujazi wa fedha, yaani jumla ya fedha iliyopo kwenye uchumi. Mwezi mmoja hauna maana, tazama miezi kumi na miwili.
- Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati. Ikianza kupanda, benki zitakuwa waoga hata riba ikishushwa.
- Serikali inakopa kwa nani. Ikikopa kwa wananchi na mifuko ya pensheni, fedha inahama mkono mmoja kwenda mwingine. Ikikopa benki kuu, fedha mpya inaumbwa.

Mikopo ya serikali ikipanda huku ya sekta binafsi ikisimama, nitaegemea kwenye kudumaa. Zote zikipaa pamoja kwa mwaka mzima, nitaegemea kwenye mfumuko, hata kama takwimu ya bei ya mwezi huu imetulia.

Hatua ya 5: Tazama mishahara, na kile watu wanachokitarajia

Chukua ongezeko la wastani la mishahara, toa ongezeko la tija, yaani kile ambacho mfanyakazi mmoja anazalisha kwa saa. Kinachobaki ni shinikizo ambalo mishahara inaliweka kwenye bei. Mishahara ikipanda kwa asilimia 6 na tija kwa 2, tegemea mfumuko wa karibu 4 kutoka upande huo. Mishahara ikipanda kwa 2 huku bei zikipanda kwa 8, mtu anapoteza uwezo wa kununua, na baada ya muda madukani kutakuwa kimya. Mshtuko wa bei usiofuatwa na mishahara hujizima wenyewe, kwa maumivu makubwa ya wenye mishahara. Nasema hili bila kufurahi, maana mara nyingi "mfumuko umeshuka" huwa na maana kwamba wafanyakazi ndio waliolipa gharama.

Japani ni darasa zuri. Benki kuu yake ilianza sera ya riba sifuri 1999, ikaweka riba hasi (chini ya sifuri) 2016, ikanunua hati fungani kwa wingi usio na mfano, na bado bei zilikataa kupanda kwa uthabiti. Watu walikuwa wamezoea kwamba mwaka ujao mshahara utakuwa uleule na bei zitakuwa zilezile, na kampuni ziliogopa kupandisha bei zisije zikapoteza wateja. Riba hasi iliondolewa Machi 2024, baada ya mazungumzo ya mishahara ya mwaka huo kuleta nyongeza za zaidi ya asilimia 5 kwenye kampuni kubwa, kiwango ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka 30. Mafuta na bidhaa za nje zilikuwa zimeshapanda mapema zaidi. Benki ilisubiri kuona mishahara.

Matarajio hupimwa kwa mahojiano ya kaya na kampuni, na benki kuu nyingi huchapisha matokeo. Nitaongeza kipimo chako mwenyewe: mikataba unayoiona. Kodi za pango na mikataba ya huduma ikianza kuandikwa na kipengele cha kupanda kila mwaka, au wauzaji wakikataa kutoa bei inayodumu zaidi ya wiki, mfumuko umeingia vichwani. Ukiona punguzo juu ya punguzo na wanunuzi wakiahirisha kwa kuamini kesho itakuwa nafuu, mporomoko nao umeingia.

Hatua ya 6: Pima uzalishaji na ajira

Hapa nitapita haraka. Tazama ukuaji halisi wa Pato la Taifa, yaani baada ya kuondoa bei, kisha ondoa ongezeko la watu. Uchumi unaokua kwa asilimia 3 katika nchi ambayo watu wanaongezeka kwa asilimia 3 umedumaa kwa mtu mmoja mmoja, hata kama tangazo ni la shangwe. Robo mwaka moja mbaya isikushtue, lakini miaka mitatu ya kipato kisichosogea ina maana.

Kwenye ajira, mwelekeo una uzito kuliko kiwango. Mchumi Claudia Sahm aliweka kanuni kwa Marekani: wastani wa miezi mitatu wa ukosefu wa ajira ukipanda kwa nusu pointi ya asilimia juu ya kiwango cha chini cha miezi kumi na miwili iliyopita, mdororo kwa kawaida umeshaanza. Kanuni nyingine maarufu ni riba ya hati fungani za serikali za miaka miwili kuzidi ile ya miaka kumi, ishara kwamba soko linatarajia riba kushushwa kwa sababu ya udhaifu mbele. Zote mbili zina rekodi nzuri, na zote mbili ziliwasha taa nyekundu Marekani: riba zilipinduka katikati ya 2022 zikakaa hivyo hadi 2024, na kanuni ya Sahm ikaguswa kwa takwimu za Julai 2024. Mdororo uliotabiriwa haukufuata ndani ya miaka hiyo. Zitumie kama sauti moja kati ya nyingi. Katika nchi ambazo watu wengi wamejiajiri, takwimu ya ukosefu wa ajira husema kidogo, na mauzo ya umeme, saruji na mafuta ya dizeli husema zaidi.

Hatua ya 7: Soma riba halisi, na mkono wa wenye mamlaka

Toa mfumuko kwenye riba. Riba ya asilimia 8 na mfumuko wa 12 ni riba halisi ya asilimia 4 chini ya sifuri: anayekopa analipwa kukopa, na moto unaongezewa kuni. Riba ya 8 na mfumuko wa 2 ni kamba shingoni.

Mwaka 1979 Paul Volcker alichukua uongozi wa Benki Kuu ya Marekani, na riba ya muda mfupi ikaachwa ipande hadi karibu asilimia 20. Mfumuko uliokuwa karibu asilimia 15 Machi 1980 ulishuka hadi kama asilimia 3 mwaka 1983, lakini mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulikuwa umefika asilimia 10.8. Angalia tarehe hizo: athari za riba huchukua mwaka mmoja au miwili kufika. Kwa hiyo riba uliyoiona ikipanda mwaka jana bado inakuja. Na wenye mamlaka hukosea pia. Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba mara mbili mwaka 2011 kwa hofu ya bei, na kabla mwaka haujaisha ikawa imezirudisha chini kwa sababu kanda ya euro ilikuwa inazama kwenye mgogoro wa madeni.

Kama nchi yako inaagiza mafuta na mashine na ina madeni ya fedha za kigeni, ongeza mstari wa thamani ya sarafu na akiba ya fedha za kigeni. Sarafu ikianguka, bei zinapanda kwa sababu ya bidhaa za nje, na uzalishaji unabanwa kwa sababu madeni yameongezeka. Hiyo ndiyo njia ya haraka kabisa ya kuingia kwenye mfumuko na kudumaa kwa pamoja.

Hatua ya 8: Andika hukumu kwa asilimia

Usiandike "mfumuko unakuja". Andika, kwa mfano, "kwa miezi 12 ijayo: mfumuko wenye ukuaji, 20, mfumuko na kudumaa, 45, bei tulivu na kudumaa, 30, mporomoko, 5." Jumla iwe 100. Chini yake andika sababu tatu za uzito, na jambo moja ambalo likitokea utabadili mawazo.

Ukikwama, anza hivi. Mikopo halisi inakua na mishahara inapita tija: weka uzito kwenye mfumuko. Bei zimepandishwa na ugavi, mishahara iko nyuma, mikopo halisi imesimama: weka uzito kwenye kudumaa, na utegemee bei kupoa baadaye. Mikopo chechefu inapanda, bei za wazalishaji zinashuka, na thamani ya nyumba na ardhi inashuka: mporomoko upewe nafasi kubwa kuliko unavyojisikia, kwa sababu wengi hawajawahi kuuona na hivyo huuona hauwezekani.

Hatua ya 9: Panga madeni kwanza, mali baadaye

Watu hukimbilia kuuliza wanunue nini. Mimi huanza na deni, kwa sababu ndilo linaloweza kukumaliza. Tuseme unadaiwa 1,000 na kipato chako ni 200 kwa mwaka: deni ni sawa na kipato cha miaka mitano. Mfumuko ukija na kipato kikafuata hadi 220, deni limekuwa la miaka minne na nusu. Kipato kikishuka hadi 180 kwa sababu ya mporomoko, deni lilelile limekuwa la miaka mitano na nusu, nawe hujakopa hata senti. Na mfumuko ukija bila kipato kupanda, deni halijapungua uzito wowote kwako, huku matumizi yakizidi. Kwa hiyo ushauri wa "kopa, mfumuko utalipa" unamfaa tu yule ambaye kipato chake hupanda pamoja na bei na riba yake haibadiliki. Ukiwa na mkopo wa riba inayopanda na kushuka, punguza huo kabla ya yote.

Kisha fedha taslimu. Kwenye mfumuko inaoza: kwa asilimia 7 kwa mwaka bei huongezeka maradufu ndani ya miaka kumi hivi. Kwenye mporomoko na kudumaa ndiyo inayokuokoa kazi inapokatika. Akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita ina maana katika hali zote, hata ikilika kidogo. Inayozidi hapo ndiyo ya kutafutia hifadhi.

Hati fungani za riba isiyobadilika hufaidi bei zikipoa na huumia zikipanda. Zile ambazo malipo yake hufuata mfumuko ni kinga nzuri pale zinapopatikana. Hisa za kampuni zinazoweza kupandisha bei bila kupoteza wateja huvumilia mfumuko wa wastani, ila si kila wakati: mwaka 2022 hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani zilishuka kwa karibu asilimia 19, na hati fungani nazo zikashuka mwaka huohuo. Aliyenunua hisa za Japani kwenye kilele cha Desemba 1989 alisubiri hadi Februari 2024 fahirisi ya hisa hizo kurudi pale. Dhahabu inasifiwa kuliko inavyostahili: ilifika karibu dola 850 kwa aunsi Januari 1980, na ikachukua miaka 28 kurudi bei hiyo, kabla hata ya kuondoa mfumuko.

Ukiwa na biashara, kwenye mfumuko fupisha muda wa wadaiwa kukulipa na weka kipengele cha kurekebisha bei. Kwenye mporomoko punguza bidhaa ghalani, maana kila siku zinapokaa zinapoteza thamani. Kwenye kudumaa, ambako soko halikui na mteja wako mpya lazima atoke kwa mwingine, tumia fedha kupunguza gharama kabla ya kufungua tawi jipya.

Chagua hatua ambazo hazitakuumiza vibaya hata kama hali uliyoipa asilimia 20 ndiyo itakayotokea. Hukumu yenye 45 dhidi ya 30 haistahili kuuza nyumba.

Mwezi ujao, siku takwimu za bei zinapotangazwa, fungua daftari kabla ya kusoma maoni ya mtu yeyote. Jaza mikopo halisi, mishahara ukitoa tija, mfumuko wa miezi mitatu na wa msingi, kisha weka nukta yako kwenye mchoro. Ndipo urudi kwenye lile jambo moja uliloandika kwamba litakubadilisha mawazo, na uangalie kama limetokea.